Deraya za Urembo na Bei za Upanuzi katika Michezo ya Mtandaoni: Mwongozo wa Kununua kwa Hesabu

Katika michezo ya mtandaoni ya kuigiza wahusika, ile ambayo maelfu ya watu hukutana katika ulimwengu mmoja wa seva na kila mmoja hulea mhusika wake kwa miezi au hata miaka, fedha za mchezaji huombwa kwa njia tatu: ada ya mwezi, upanuzi na urembo. Upanuzi ni toleo kubwa la nyongeza linaloleta ardhi mpya, hadithi mpya, ngazi mpya na mara nyingi kazi mpya za wahusika. Urembo ni kila kitu kinachobadilisha sura bila kugusa nguvu, na kinachopendwa zaidi humo ni deraya: chapeo, bamba la kifua, mabega ya chuma, joho na buti. Mwongozo huu unahusu upanuzi na deraya, namna ya kuvinunua au kuamua kutovinunua, baada ya kupiga hesabu. Bei nitakazotaja ni za Marekani kwa dola, kabla ya kodi, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa zaidi. Bei ya eneo lako huenda ikawa tofauti, lakini njia ya kuipima haibadiliki.

Naandika nikiwa mtu anayependa deraya. Anayemtazama mhusika mmoja kwa saa mia tano ana kila sababu ya kutaka kumwona amevaa vizuri, na sioni haja ya mtu kujieleza kwa hilo. Kinachoniuma ni kuona mchezaji amelipa bila kujua amelipa kiasi gani, kwa ajili ya vazi ambalo mhusika wake analivaa wiki moja tu na kulirudisha kabatini.

Kwanza, fahamu kwa nini sura inauzwa peke yake

Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa The Elder Scrolls IV: Oblivion deraya ya farasi kwa pointi 200 za Microsoft, yaani dola 2.50. Oblivion haukuwa mchezo wa mtandaoni, na wachezaji wengi walilalamika kwa sauti kubwa, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Miaka minne baadaye, Aprili 2010, Blizzard iliuza farasi mmoja wa kumetameta, Celestial Steed, ndani ya mchezo wake wa mtandaoni, World of Warcraft, kwa dola 25.

Hata hivyo, tukio lililobadilisha biashara ya deraya kwa kina halikuwa la kuuza kitu. Novemba 2011, toleo la 4.3 la World of Warcraft liliwapa wachezaji uwezo wa kuchukua sura ya deraya moja na kuivika juu ya nyingine. Kabla ya hapo, mtu aliyepata deraya yenye nguvu ilimlazimu avae na sura yake, ipendeze isipendeze, na ndiyo maana mashujaa wa ngazi za juu mara nyingi walionekana kama waliovaa vipande vya watu watano tofauti. Sura ilipotengwa na nguvu, ikawa bidhaa inayojitegemea, na bidhaa inayojitegemea haikosi kupangiwa bei. Julai 2013 chapeo tatu za urembo ziliingia katika duka la mchezo huohuo kwa dola 15 kila moja.

Ada ya mwezi ya World of Warcraft ni dola 14.99. Chapeo moja, ambayo haiongezi hata chembe ya nguvu, iligharimu sawa na mwezi mzima wa kuingia katika ulimwengu wote: mabara yake, mapango yake na wanachama wenzako wa chama wanaokungoja kila Jumamosi. Sisemi kwamba bei hiyo ni dhuluma. Nasema kwamba mtu anayenunua anapaswa kuiona kwa macho hayo, na hapo ndipo kazi ya hesabu inapoanzia.

Hatua ya kwanza: chagua kipimo kimoja na ukitumie kwa kila kitu

Bei ya deraya ikisimama peke yake huonekana ndogo, kwa sababu hulinganishwa na deraya nyingine zilizo kando yake katika duka lilelile. Ilinganishe na kitu unachokijua thamani yake. Kama mchezo wako una ada ya mwezi, kipimo ni mwezi mmoja wa kucheza. Kama hauna ada, kipimo ni upanuzi wa karibuni zaidi.

Chukua Guild Wars 2, mchezo usiotoza ada ya mwezi. Upanuzi wake wa Agosti 2024, Janthir Wilds, ulitoka kwa dola 24.99. Vazi kamili la urembo katika duka lake kwa kawaida huuzwa kwa vito 700, na vito 800 huuzwa kwa dola 10. Kwa hiyo vazi hilo ni dola 8.75, zaidi kidogo ya theluthi moja ya upanuzi mzima. Mavazi matatu yanazidi bei ya upanuzi. Wapo watakaosema kwamba mavazi matatu yatawafurahisha kuliko ramani mpya, na huenda wanasema kweli, hasa kama hadithi ya mchezo si kitu wanachokifuata. Kipimo hiki hakikuamulii. Kinakuonyesha tu kile unachokiacha kila unapochagua.

Andika kipimo chako mahali unapoweza kukiona. Mimi hukiandika juu ya karatasi iliyo kando ya kibodi, kwa namba moja tu, na kila bei ninayokutana nayo naigawanya kwa namba hiyo.

Hatua ya pili: rudisha sarafu ya mchezo kuwa fedha halisi

Maduka mengi ya michezo hayauzi deraya kwa dola. Huuza vito, mataji, platinamu au sarafu ya jina jingine lolote, kisha deraya inauzwa kwa sarafu hiyo. Matokeo yake ni mawili: akili hupoteza hisia ya bei, na mfuko hubaki na mabaki.

Mfano wa vito unatosha kuonyesha jambo hili kwa karibu. Vazi ni vito 700, lakini kifurushi ni vito 800. Umelipa dola 10 kwa kitu cha dola 8.75, na vito 100, yaani dola 1.25, vimebaki katika akaunti yako vikiwa haviwezi kununua vazi wala kurudishwa kuwa fedha. Siku utakapoona kitu cha vito 500, vile 100 vitakunong'oneza kwamba safari hii utalipa pungufu, ilhali ulishavilipia. Kanuni yangu ni kwamba bei ya deraya ni fedha yote iliyotoka mfukoni ili kuipata. Mabaki nayahesabu kuwa sehemu ya bei mpaka siku yatakapotumika kweli kwa kitu nilichokuwa nimeshakipanga.

Hesabu yenyewe ni fupi: gawanya bei ya kifurushi kwa idadi ya sarafu zilizomo, kisha zidisha kwa bei ya deraya. Fanya hivyo kwa kila ukubwa wa kifurushi, kwa kuwa vifurushi vikubwa kwa kawaida hutoa sarafu zaidi kwa kila dola, lakini pia huacha mabaki makubwa zaidi. Unafuu wa kifurushi kikubwa ni wa kweli kwa mtu tu ambaye tayari ana orodha ya vitu vya kutosha kukimaliza.

Wakati mwingine njia nafuu ya kupata sarafu haimo katika ukurasa wa sarafu. Katika The Elder Scrolls Online, kwa miaka mingi kifurushi cha mataji 1,500 kiliuzwa kwa dola 14.99, na uanachama wa mwezi wa ESO Plus, nao kwa dola 14.99, ulitoa mataji 1,650 pamoja na ruhusa ya kucheza nyongeza nyingi za mchezo na mfuko usio na kikomo wa kuhifadhia malighafi. Aliyenunua kifurushi alilipa fedha ileile akapata pungufu ya mataji 150 na kuyakosa hayo mengine yote. Kabla hujagusa kitufe cha kununua sarafu, soma kwanza kile kinachotolewa pamoja na uanachama.

Tume ya Ulaya pamoja na mamlaka za kulinda walaji za nchi wanachama zimeliona tatizo hili. Machi 2025 zilitoa kanuni zinazotaka bei ya kitu cha ndani ya mchezo ionyeshwe wazi kwa fedha halisi, na mchezaji asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji. Mpaka mchezo wako ufuate mwenendo huo, kikokotoo ni chako mwenyewe.

Hatua ya tatu: jaribu deraya katika mazingira mabaya kuliko ya dukani

Picha ya dukani hupigwa katika mwanga uliopangwa, juu ya mhusika mmoja aliyechaguliwa, akiwa amesimama tuli. Mhusika wako hatasimama tuli. Michezo mingi ina dirisha la kujaribia linalomvika mhusika wako kitu kabla ya kulipa, na dirisha hilo lisiwe la kupita haraka.

Mzungushe mhusika hadi umwone mgongo, kwa kuwa mgongo ndio utakaouona kwa asilimia kubwa ya muda wako wote wa kucheza. Watengenezaji huweka nakshi nyingi kifuani, mahali ambapo mchezaji mwenyewe huona mara chache. Deraya yenye simba wa dhahabu kifuani na mgongo mtupu ni deraya watakayoifaidi wenzako, wewe utabaki na bamba la kijivu. Kisha mchomoleshe silaha. Angalia kama upanga au upinde unapenya ndani ya joho, kama mabega ya chuma yanaingia shavuni anapoinua mkono, na kama sketi ya deraya inapasuliwa na magoti anapokimbia. Mpandishe mnyama wake wa kupanda ikiwa dirisha linaruhusu. Badilisha rangi zote zinazobadilika, maana kuna deraya ambazo kipande chake kizuri zaidi hakipokei rangi kabisa, na hilo halionekani hadi ujaribu kukipaka.

Umbo la mhusika lina uzito zaidi ya yote hayo. Mbari za Viera na Hrothgar zilipoingia katika Final Fantasy XIV mwaka 2019, chapeo na kofia nyingi hazikuonekana kabisa vichwani mwao: mchezaji aliivaa kofia, mfumo ukaikubali, lakini kichwa kikabaki wazi. Mwenye mhusika mwenye masikio marefu, pembe, mkia au mwili mpana asiamini picha ya mhusika wa umbo la kawaida hata siku moja. Niliwahi kununua seti ya deraya nyeusi kwa ajili ya mhusika mwenye pembe, katika mchezo nisioutaja, bila kuizungusha vizuri. Pembe zilitokeza kupitia ukingo wa chapeo kama misumari iliyopigiliwa kwa upande wa ndani. Niliivaa seti hiyo bila chapeo kwa miezi miwili, na chapeo ndiyo ilikuwa sababu ya kuinunua.

Jambo jingine la kuangalia hapa ni kama unanunua vazi kamili au vipande. Katika Guild Wars 2, vazi kamili ni kitu kimoja kisichochanganyika: huwezi kuchukua mabega yake na kuyavika juu ya bamba la kifua la deraya nyingine, ingawa ni rahisi kulivaa na kulivua. Vipande vya deraya huchanganyika utakavyo, lakini kila unapohamisha sura ya kipande unatumia hati ya kubadilishia mwonekano. Anayependa kubuni mwenyewe atachoshwa na mavazi kamili, na asiyependa kusumbuka atayafurahia. Mimi ni wa vipande, na napendekeza vipande kwa yeyote aliye na kabati la sura za zamani, kwa sababu kipande kimoja kipya huzaa mionekano kumi.

Hatua ya nne: soma mipaka ya kile unachopewa

Maswali ya kujibu kabla ya kulipa ni manne, na majibu yake kwa kawaida yamo katika maandishi madogo chini ya picha. Je, deraya ni ya akaunti nzima au ya mhusika mmoja? Katika duka la Final Fantasy XIV vipo vitu vya aina zote mbili, na bei peke yake haikuambii ni ipi. Je, ni ya kudumu au ya siku kadhaa? Je, ni kwa kazi zote za mhusika au kwa wavaa deraya nzito tu? Je, itarudi dukani baadaye? Swali la nne ndilo linalotumiwa zaidi kumharakisha mtu, kwa saa inayohesabu kurudi nyuma kando ya picha. Maduka mengi huvirudisha vitu vyake katika sherehe za mwaka unaofuata, mara nyingine kwa punguzo, kwa hiyo chunguza kwanza kama deraya za namna hiyo zimewahi kurudi.

Kuhusu kurudishiwa fedha, usitegemee sana. Steam, duka la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve, hurudisha fedha za mchezo kwa anayeomba ndani ya siku 14 na ambaye hajafikisha saa mbili za kuucheza, na kwa upanuzi masharti hufanana, mradi hajautumia kwa namna isiyoweza kutenguliwa. Vitu vilivyonunuliwa ndani ya mchezo wenyewe ni jambo jingine: kwa michezo isiyo ya Valve, uamuzi umeachiwa mtengenezaji, na sarafu ikishatumika kwa kawaida ndiyo imekwenda.

Na hata kitu cha kudumu hudumu kadiri seva inavyodumu. City of Heroes, mchezo uliosifiwa kuliko karibu michezo yote ya wakati wake kwa uhuru wa kubuni mavazi, ulizimwa rasmi tarehe 30 Novemba 2012, pamoja na kila vazi lililokuwa limenunuliwa humo. Sheria ya California iliyoanza kutumika Januari 2025 inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi wazi kwamba anapata leseni ya kutumia tu, badala ya kutumia neno kununua bila maelezo. Ukikubali kwamba unakodi, utalipa bei ya kukodi, na utaacha kulipia deraya katika mchezo ambao wachezaji wake wanahama.

Hatua ya tano: usinunue deraya iliyofichwa ndani ya sanduku la bahati

Hapa sina ushauri wa kati na kati. Deraya inayopatikana kwa kufungua masanduku yenye vitu visivyojulikana haina bei, ina uwezekano tu, na kipimo ulichokiandika katika hatua ya kwanza hakiwezi kutumika juu yake. Kama deraya ina nafasi ya asilimia 1 katika kila sanduku, mtu aliyefungua masanduku 100 bado ana nafasi ya takriban asilimia 37 ya kutoka mikono mitupu. Wengi hudhani kwamba mara mia moja ni hakika. Si hakika hata kidogo.

Serikali kadhaa zimelichukulia jambo hili kwa uzito. China iliwataka watoaji wa michezo kuchapisha uwezekano huo kuanzia Mei 2017. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka Aprili 2018 kwamba masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa yanavunja sheria ya kamari. Korea Kusini ilifanya uchapishaji wa uwezekano kuwa lazima kisheria kuanzia Machi 2024, miezi michache baada ya mamlaka yake ya ushindani kuitoza kampuni ya Nexon faini ya zaidi ya won bilioni 11 kwa kubadilisha uwezekano katika mchezo wake wa MapleStory bila kuwaambia wachezaji ukweli. Kwa akaunti ya mtoto, zima ununuzi wote katika mipangilio ya kifaa na usiache kadi ikiwa imehifadhiwa humo.

Hatua ya sita: hesabu upanuzi kwa jumla yake

Bei ya upanuzi iliyo kwenye tangazo ni sehemu ndogo ya gharama, hasa pale penye ada ya mwezi. The War Within, upanuzi wa World of Warcraft wa Agosti 2024, ulitoka kwa dola 49.99 kwa toleo la msingi. Mtu atakayecheza miezi 12 kwa ada ya dola 14.99 atalipa dola 179.88 za ada, na jumla yake ni dola 229.87. Upanuzi wenyewe ni zaidi kidogo ya moja ya tano ya fedha hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuokoa aanze na ada. Malipo ya miezi sita kwa mkupuo ni dola 77.94, na mara mbili yake ni dola 155.88, akiba ya dola 24 kwa mwaka. Lakini akiba hiyo ni ya mtu anayecheza mwaka mzima. Anayejijua kwamba humaliza hadithi kwa miezi mitatu na kupumzika, alipe miezi mitatu, dola 44.97, kisha asitishe. Jumla yake na upanuzi itakuwa dola 94.96, chini ya nusu ya yule wa mwaka.

Baada ya hapo yaangalie matoleo. The War Within uliuzwa kwa bei tatu: dola 49.99, 69.99 na 89.99. Wengi huruka moja kwa moja kutoka la chini hadi la juu, au hukaa la kati wakidhani kati ndiyo busara. Toa bei ya toleo moja kutoka bei ya linalofuata. Kutoka la chini kwenda la kati ni dola 20, na zilileta kuinuliwa kwa mhusika mmoja hadi ngazi ya 70, mnyama wa kupanda na seti ya deraya ya urembo. Kutoka la kati kwenda la juu ni dola 20 nyingine, lakini humo mlikuwa na siku 30 za kucheza, ambazo peke yake ni dola 14.99. Kwa mtu ambaye angelipa mwezi huo vyovyote vile, toleo la juu lilizidi la kati kwa dola 5.01 tu, na kwa hizo aliingia siku kadhaa kabla ya wengine na kupata mapambo kadhaa. Hivyo basi, toleo lililohitaji kufikiriwa sana lilikuwa la kati: ulikuwa unahitaji kuinua mhusika, au ulikuwa unalipa dola 20 kwa mnyama na deraya? Mwenye wahusika watatu waliokwisha kufika ngazi ya 70 hakuwa na la kufanya na sehemu kubwa ya fedha hizo.

Kuingia mapema kusikutoze kitu bila kulinganisha. Kwa Dawntrail, upanuzi wa Final Fantasy XIV uliotoka rasmi tarehe 2 Julai 2024 kwa dola 39.99, aliyeagiza mapema toleo lolote aliingia kuanzia tarehe 28 Juni.

Kisha uliza upanuzi mpya unabeba nini cha zamani, kwa maana hapa ndipo mchezaji mgeni hupoteza fedha nyingi zaidi. Tangu Julai 2018, mwenye kulipa ada ya World of Warcraft hupata ulimwengu wa msingi na upanuzi wa zamani bila kuununua, na hununua mpya tu. Katika Final Fantasy XIV, upanuzi wa karibuni huja pamoja na uliotangulia, hivyo hakuna sababu ya kununua mmoja mmoja kwa mpangilio wa miaka. Upanuzi wa Morrowind wa The Elder Scrolls Online ulitoka Juni 2017 kwa dola 39.99, na baadaye ukawa sehemu ya mchezo wa msingi. Mgeni anayeona orodha ya upanuzi saba dukani na kudhani lazima avinunue vyote, mwambie asimame kwanza.

Final Fantasy XIV una mtego mmoja wa aina yake, na naueleza kwa kuwa nimeona watu wakiujutia. Majaribio yake ya bure hayana kikomo cha siku, na tangu Oktoba 2023 yanafika hadi ngazi ya 70, pamoja na upanuzi wa Heavensward na Stormblood. Hayo ni mamia ya saa bila kulipa. Lakini ukisajili mchezo kamili katika akaunti hiyo, majaribio yanakwisha na huwezi kuyarudia. Kuanzia hapo ada ya mwezi inahitajika hata kwa sehemu ulizokuwa ukizicheza bure. Mtu aliyenunua kwa punguzo akiwa katikati ya hadithi ya ngazi ya 40 ameharakisha kulipia kitu alichokuwa nacho.

Hatua ya saba: panga wakati wa kununua

Upanuzi hununuliwa siku ya kwanza kwa sababu moja iliyo nzuri: una kundi la watu unaocheza nao, na wao wanaingia siku hiyo. Safari ya kwanza katika ardhi ambayo hakuna anayeijua bado haiji mara mbili, na kwa hiyo niko tayari kulipa bei kamili kila mara. Anayecheza peke yake hana sababu hiyo, na kusubiri humlipa vizuri. Bei hushuka, hitilafu za mwanzo hurekebishwa, na mara nyingine masharti yenyewe hubadilika. Heart of Thorns wa Guild Wars 2 ulipotangazwa kwa dola 49.99 mwaka 2015, ulijumuisha mchezo wa msingi ambao wachezaji wa zamani walikwisha kuulipia. Malalamiko yalikuwa makali, na ArenaNet, kampuni yenye mchezo huo, ikawaongezea wakongwe walioagiza mapema nafasi ya mhusika bila malipo. Miezi michache tu baadaye mchezo wa msingi ukawa bure kwa wote, na kuanzia 2019 Heart of Thorns ukawa unatolewa bila nyongeza ya bei kwa anayenunua Path of Fire wa dola 29.99.

Kwa deraya, subiri siku tatu kamili tangu siku uliyoitamani, na katika siku hizo cheza kama kawaida. Tafuta kwanza kama sura inayokaribiana nayo inapatikana kwa kucheza. World of Warcraft umekuwa na kituo cha biashara tangu Februari 2023 ambapo sura mpya hununuliwa kila mwezi kwa sarafu inayopatikana kwa shughuli za ndani ya mchezo. Guild Wars 2 huruhusu dhahabu ya mchezo kubadilishwa kuwa vito, na mchezaji mvumilivu anaweza kuvaa vazi la vito 700 bila kutoa senti. Hesabu saa zitakazokuchukua kuikusanya dhahabu hiyo, na kama ni saa za shughuli unayoichukia, dola 10 ni nafuu kuliko jioni nne za kuchoka.

Ukishaamua kununua, nunua kifurushi kidogo kabisa kinachotosha, piga picha ya skrini ya maelezo ya kitu pamoja na bei yake, hifadhi stakabadhi ya barua pepe, kisha ingia katika mipangilio ya akaunti uondoe kadi. Kama ulilipa ada ya mwezi kwa ajili ya upanuzi, zima kujirudia kwa malipo siku hiyohiyo. Muda uliokwisha kuulipia kwa kawaida utaendelea hadi siku yake ya mwisho, na utakapotaka mwezi mwingine utaulipia ukiwa umeukusudia. Mwisho kabisa, mvike mhusika deraya yake mpya na umpeleke mahali penye mwanga mzuri.